Kisanduku cha Mkiani: Ufungaji wa Kitoa-Ishara cha Dharura katika Ndege za Kujiundia

Sheria za anga za Marekani humwachia mtu anayejiundia ndege nyumbani uhuru ambao huwashangaza wengi wanaousikia kwa mara ya kwanza. Maadamu zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda imefanywa na mtu au watu walioishika kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha, ndege hiyo husajiliwa katika kundi la ndege za majaribio, na mwundaji huruhusiwa kuchagua injini aitakayo, vipimo vya dashibodi avitakavyo, viti, rangi, hata umbo la bawa, bila ya kudaiwa kwamba kila kifaa kiwe kimepitishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, inayojulikana kwa ufupi kama FAA. Kipo hata hivyo kisanduku kimoja ambacho uhuru huo haukifikii. Kifungu cha 91.207 cha kanuni za anga kinataka ndege ya kiraia iliyosajiliwa Marekani, isipokuwa chache zilizotajwa humo, kama vile ile yenye nafasi ya mtu mmoja tu, iwe na kitoa-ishara cha dharura kilichoidhinishwa na kinachofanya kazi, na hapo ndege iliyotoka kiwandani na ndege iliyotoka gereji ya nyuma ya nyumba huwa sawa mbele ya sheria.

Mhadhara huu unauchukua mji wa Springfield, katika Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, kuwa mahali pa kulitazamia jambo hilo, ingawa mji wenyewe hauna kiwanja cha ndege za kiraia. Nusura upate kimoja jirani yake: mwaka 1951 serikali ya shirikisho ilianza kutwaa ardhi huko Burke, magharibi kidogo ya Springfield, ili kujenga kiwanja cha pili cha mji mkuu, lakini wakazi wakapinga kwa muda mrefu hata Rais Eisenhower akachagua Chantilly mwaka 1958, na kiwanja hicho ndicho kinachoitwa Dulles leo. Juu ya hayo, tangu mashambulizi ya Septemba 2001 anga ya Springfield imo ndani ya eneo lenye vizuizi vikali kuuzunguka mji wa Washington, kiasi kwamba mtu anayeunda ndege katika gereji ya mtaa huo hulazimika kuifungua vipande, kuipakia kwenye trela na kuipeleka Manassas au mbali zaidi ili aikamilishe na kuirusha. Kinachoufanya mji huo ufae kwa mada hii ni barabara kuu ya mzunguko inayoupitia, kwani barabara hiyo hiyo, ikivuka mto Potomac na kuingia Maryland, hupita karibu na Suitland, ambako ishara za dharura za Marekani nzima hupokewa, kisha Greenbelt, ambako teknolojia ya kuzipokea kwa setilaiti ilikuzwa na NASA, taasisi ya anga za juu ya nchi hiyo. Yaani safari nzima ya ishara, tangu mahali kisanduku kinapofungwa kwa bolti hadi mahali inaposomwa, yaweza kuelezwa bila ya kutoka nje ya viunga vya Washington.

Kitoa-ishara cha dharura ni redio ndogo yenye betri yake yenyewe, isiyotegemea umeme wa ndege, ambayo hulala kimya kwa miaka na huamshwa na mshtuko wa ajali. Ndani yake mna swichi ya mshtuko, ambayo hujifunga pale mwendo wa ndege unapokatika ghafla kwa kiasi cha takribani mita 1.4 kwa sekunde, na kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa kawaida wa kitu. Ikishafungwa, vifaa vya kisasa hutuma ujumbe wa kidijitali katika masafa ya megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5, kwa muda wa nusu sekunde hivi, kisha hunyamaza na kurudia kila baada ya sekunde 50 au karibu na hapo; wakati huo huo hutoa mlio dhaifu katika megahezi 121.5, ambao kazi yake ni kuwaongoza waokoaji walio karibu wenye vipokeaji vya kufuatia mlio.

Tofauti kati ya masafa hayo mawili ndiyo historia ya kifaa chenyewe. Mlio wa megahezi 121.5 haukuwa na jina wala anwani: setilaiti iliusikia, lakini haikuweza kujua umetoka kwa nani, na mahali ulipokadiriwa palikuwa ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 20 hivi, yaani eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ujumbe wa megahezi 406 hubeba namba ya kifaa, na hesabu ya setilaiti hulipunguza duara hilo hadi nusu kipenyo cha kilomita 5, ambalo ni eneo la chini ya kilomita za mraba 80. Na mwundaji aliyevuta waya wa taarifa kutoka kipokea-GPS cha dashibodi hadi kwenye kisanduku hulipunguza tena hadi mita mia na ushei. Mfumo wa setilaiti wenyewe, uitwao Cospas-Sarsat, ulianzishwa kwa makubaliano ya mwaka 1979 kati ya Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, nchi ambazo wakati huo hazikuwa zikikubaliana kwa mengi, na setilaiti yake ya kwanza, ya Kisovieti, ilirushwa Juni 1982. Haikufika miezi mitatu kabla ya watu watatu walioanguka na ndege ndogo huko British Columbia, Kanada, kuokolewa kwa msaada wake. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza megahezi 121.5. Kifaa cha zamani chenye masafa hayo peke yake, ambacho bado kimo katika mikia ya ndege nyingi za Marekani kwa kuwa sheria haijakiondoa, leo husikika tu na ndege iliyo karibu ambayo rubani wake ameamua kuyasikiliza masafa hayo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana thamani ya kujua mahali. Ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilipoanguka mara baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni, usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ikiwa na watu 114 ambao wote walifariki, msako wa kwanza ulielekezwa maeneo ya Lolodorf, umbali wa zaidi ya kilomita 100, ilhali mabaki yalikuwa katika kinamasi cha mikoko, kiasi cha kilomita 5 na nusu tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia, nayo yalionekana baada ya saa 40 kupita. Hiyo ilikuwa Boeing mpya ya shirika kubwa, iliyoondoka kwenye kiwanja kikubwa cha kimataifa. Ndege ya watu wawili iliyoundwa gerejini, ikipita juu ya milima ya Blue Ridge siku ya Jumanne bila ya kuwasilisha mpango wa safari, haina mtu anayeingoja kwenye skrini yoyote.

Sheria ya Marekani ilizaliwa kutokana na kisa cha namna hiyo hiyo. Machi 1967 ndege ndogo yenye familia ya watu watatu ilianguka katika milima ya kaskazini mwa California. Mama na binti yake walinusurika katika mgongano wenyewe, wakaishi theluji ikiwazunguka kwa wiki kadhaa, binti akiandika shajara iliyoonyesha kwamba walikuwa hai siku zaidi ya 50 baadaye, na mabaki yakapatikana Oktoba mwaka ule ule wote watatu wakiwa wamekwisha kufa. Seneta Peter Dominick wa Colorado alilishikilia jambo hilo hadi sharti la kubeba kitoa-ishara likaingizwa ndani ya sheria ya usalama kazini, ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 29 Desemba 1970. Ni ajabu kidogo kwamba kanuni ya ndege imezaliwa tumboni mwa sheria ya viwanda na maghala, lakini bunge la Washington limezoea kupitisha mambo kwa mlango wowote ulio wazi.

Kabla sharti hilo halijaanza kutumika kila mahali, bunge lenyewe lilipatwa. Tarehe 16 Oktoba 1972 Hale Boggs wa Louisiana, aliyekuwa kiongozi wa wabunge wa chama cha walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na mbunge Nick Begich wa Alaska, msaidizi mmoja na rubani, waliondoka Anchorage kwa ndege ya Cessna 310 kwenda Juneau na hawakuonekana tena. Msako uliendelea kwa siku 39 bila ya kupata hata kipande. Wachunguzi wa ajali walipofuatilia suala la kitoa-ishara, ambacho Alaska ilikuwa imekwisha kukidai, kile cha kubebeka cha rubani kilikutwa Fairbanks, ndani ya ndege nyingine. Sheria ya wakati ule ilikuwa inamruhusu rubani kutembea na kifaa cha kubebeka badala ya kukifunga ndani ya ndege, na kitu chochote kinachobebeka kina tabia ya kubaki kilipowekwa mara ya mwisho. Hapo ndipo mada ya mhadhara huu inapoanza kwa kweli: kumiliki kifaa ni jambo moja, na kukifanya kiwe sehemu ya mifupa ya ndege ni jambo jingine.

Kisa cha pili kinapeleka hoja hiyo mbele zaidi. Tarehe 9 Agosti 2010 ndege ya DHC-3 Otter iliyobadilishwa injini iligonga mlima karibu na Aleknagik, Alaska, ikiwa na watu 9, miongoni mwao Ted Stevens, aliyekuwa seneta wa jimbo hilo kwa miaka 40. Watu 5 walikufa, Stevens akiwa mmoja wao. Wanne walionusurika, wakiwa na majeraha mabaya, walikaa mlimani hadi msaada ulipofika. Kitoa-ishara cha megahezi 406 kilikuwemo, kilikuwa kizima, na mshtuko ulikiamsha kama ilivyokusudiwa, lakini kilikuwa kimechomoka kwenye kishikizo chake na kuachana na antena ya nje, kwa hiyo kikabaki kinatangaza ndani ya mabaki bila ya setilaiti yoyote kukisikia. Waliobaini kwamba kuna tatizo ni watu waliokuwa wakiisubiri ndege na kuona imechelewa. Bodi ya taifa ya uchunguzi wa ajali za usafiri, yenye makao yake Washington, ilitoa mapendekezo mapema mwaka 2011 kwamba namna vifaa hivi vinavyofungwa ikaguliwe kwa makini kila mwaka na kwamba vipimo vya uimara wa vishikizo vifikiriwe upya, na mwaka 2012 FAA ikatoa tahadhari juu ya mikanda ya velkro, ile inayonasana kwa vijino na manyoya, ambayo baadhi ya watengenezaji walikuwa wameitumia kushikilia kisanduku chenye uzito wa kilo moja au zaidi. Mkanda huo huchoka kwa joto, mafuta na kufunguliwa mara kwa mara, na kila fundi huuvuta kwa nguvu yake mwenyewe, ndiyo maana mwundaji wa nyumbani anafanya vyema kuutilia shaka hata pale unapokuja ndani ya pakiti pamoja na kifaa.

Kanuni inasema maneno machache tu kuhusu mahali pa kufungia: kifaa kifungwe kwa namna inayopunguza uwezekano wa kuharibika katika mgongano, na kile cha kudumu kifungwe nyuma ya ndege kadiri inavyowezekana. Sababu ya kuchagua nyuma inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona picha za ajali za ndege ndogo, ambamo pua na chumba cha rubani vimesagika huku mkia ukiwa umesimama karibu mzima. Sehemu ya mbele hujikunja na kumeza nguvu ya mgongano, na mkia hufika mwisho ukiwa na mwendo uliokwisha kupungua. Hata hivyo mkia wa ndege nyepesi una udhaifu wake. Katika ndege za alumini za Van's Aircraft, kampuni ya Oregon iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo ndege zake za RV zaidi ya 10,000 zimekamilishwa na waundaji wa nyumbani, bati la sehemu ya mkia halifiki unene wa milimita 1. Kisanduku kilichofungwa katikati ya bati kama hilo, hata kwa bolti nzuri, kitatingishika pamoja na bati lenyewe, na hapo matatizo huwa mawili: bati laweza kuchanika katika mgongano, na kabla ya hapo mtetemo wake waweza kuidanganya swichi ya mshtuko, ama kwa kuiamsha pasipo ajali, ama kwa kuulainisha mshtuko wa kweli hata usiifikie.

Kwa sababu hiyo viwango vya ufungaji vinatoa kipimo ambacho mwundaji yeyote aweza kukifanya gerejini kwake bila ya maabara. Kishikizo kikivutwa kwa nguvu ya pauni 100, yaani takribani kilo 45, katika upande ule kinaponyumbuka zaidi, kisisogee kupita sehemu ya kumi ya inchi, ambayo ni milimita 2 na nusu, kikipimwa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa ndege iliyo umbali wa kati ya sentimita 30 na 90. Mizani ya kuning'inizia ya dukani, kamba na rula vinatosha. Wanaofanya jaribio hilo kwa uaminifu aghalabu hugundua kwamba bati peke yake halifui dafu, na hulazimika kuongeza kipande cha alumini chenye umbo la L kutoka mbavu moja hadi nyingine, kikiwa kimepigiliwa ribiti kwenye mapao ya urefu yanayobeba uzito wa mkia, kisha kishikizo kikafungwa juu yake kwa bolti zenye nati za kujikaza. Kazi hiyo huongeza gramu mia chache mahali ambapo kila gramu ina hesabu yake, kwa kuwa uzito wa mkiani huirudisha nyuma mizania ya ndege. Nao waundaji wa ndege ni watu wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya uzito wa skrubu. Lakini hesabu ya mizania hurekebishika kwa kuhamisha betri kubwa au kwa kupanga mizigo, ilhali kishikizo kilicholegea hakirekebishiki tena baada ya ndege kugonga ardhi.

Uthibitisho wa haya haukuachwa kwenye nadharia. Mwaka 2015, kati ya Julai na Agosti, watafiti wa NASA katika kituo cha Langley, mjini Hampton, kusini mashariki mwa jimbo lile lile la Virginia, waliziangusha ndege tatu kuukuu za Cessna 172 kutoka kwenye mnara mkubwa wa chuma uliojengwa miaka ya 1960 ili wanaanga wa Apollo wajifunze kutua mwezini. Ya kwanza iliangushwa juu ya zege na mbili zilizofuata juu ya udongo, na kila moja ilikuwa na vitoa-ishara kadhaa vilivyofungwa kwa namna tofauti, pamoja na kamera na vipima-mshtuko. Utafiti uligharimiwa na ofisi ya NASA ya utafutaji na uokoaji iliyoko Greenbelt, ambayo ilitaka kujua kwa nini vifaa vingi vilivyokuwemo ndani ya ndege zilizoanguka havikusikika. Tofauti kati ya zege na udongo ilikuwa somo lenyewe: juu ya zege ndege huteleza, bali juu ya udongo laini ya pili ilichimba kwa pua na kupinduka, na mwundaji anayedhani kwamba kuanguka shambani ni afueni kuliko kuanguka barabarani ana sababu ya kufikiri mara mbili. Kilichojitokeza ni kwamba saketi ya redio yenyewe haikuwa mahali pa kutiliwa shaka zaidi kuliko viungo vinavyoizunguka, hususan kebo ya antena na antena yenyewe, na mapendekezo yakaelekezwa kwenye ufungaji: kebo iachiwe ulegevu, ishikiliwe ipasavyo, ikingwe dhidi ya moto, na kifaa kifungwe palipo imara.

Kebo ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Ni waya wa shaba uliofunikwa kwa plastiki na wavu wa chuma, mwembamba kuliko kidole, unaounganisha kisanduku na antena, na kwa kuwa hauna kazi nyingine yoyote maisha yake yote, hupitishwa popote palipo na nafasi. Mwili wa ndege unapojikunja katika ajali, sehemu zilizoungwa huachana kwanza kwenye maungo, na kebo iliyokazwa kupitia ungo kama hilo hukatika au huchomoka kwenye soketi kabla ya ujumbe wa kwanza kutoka. Ikumbukwe kwamba ujumbe wa kwanza wa megahezi 406 hautumwi papo hapo, bali baada ya takribani sekunde 50, kwa hiyo kebo inatakiwa iishi kupita mgongano wenyewe na kupita kupinduka kunakofuata. Kanuni njema ni antena iwe karibu na kisanduku, katika kipande kile kile cha mwili wa ndege, na kebo fupi isiyovuka ungo lolote, yenye ulegevu wa kutosha pande zote mbili.

Kuhusu antena, waundaji wa nyumbani wana ugomvi wao wa siku zote, nao ni ugomvi kati ya sayansi na urembo. Antena ya kitoa-ishara ni fimbo inayotakiwa isimame wima juu ya mgongo wa ndege, nayo huhitaji chini yake uso wa chuma unaoenea pande zote kwa kiasi cha robo ya urefu wa wimbi, ambao ni sentimita 62 hivi kwa megahezi 121.5 na sentimita 18 na nusu kwa megahezi 406. Ndege ya alumini inao uso huo tayari. Ndege ya faibaglasi haina, na mwundaji wake hulazimika kubandika vipande vya shaba au alumini ndani ya ganda, vikitandazwa kutoka shina la antena. Faida yake ni kwamba faibaglasi hupitisha mawimbi ya redio, hivyo antena yaweza kusimama ndani bila ya kuonekana. Ndege ya nyuzi za kaboni ni habari nyingine, kwa maana kaboni hupitisha umeme na huyazuia mawimbi, na antena iliyofichwa ndani yake ni kama mtu anayepiga kelele akiwa ndani ya mtungi.

Wenye ndege za RV, ambao wametumia miaka kusugua na kupaka rangi, hawapendi kuona fimbo imechomoza mgongoni, na baadhi yao huificha chini ya kifuniko cha faibaglasi kilichopo pale bawa la mkia linapokutana na mwili, wengine ndani ya chumba cha rubani chini ya kioo. Hoja yao haistahili kupuuzwa moja kwa moja. Ndege ya mabawa ya chini yenye gurudumu la pua hupinduka kwa urahisi inapotua kwenye udongo laini, na ikipinduka, fimbo ya nje ndiyo inayotangulia kuvunjika, ilhali iliyomo ndani yaweza kusalia. Lakini antena iliyolazwa au kupindwa ili ienee ndani ya kifuniko, ikizungukwa na chuma cha mkia pande mbili, hupoteza sehemu ya nguvu zake kila siku ya maisha yake, si siku ya kupinduka peke yake. Na ile iliyo ndani ya chumba imeondolewa mkiani na kuletwa mahali panaposagika, na kebo yake sasa inavuka urefu wote wa ndege. Kwa mizani hiyo, fimbo ya nje, wima, mbele kidogo ya bawa la wima la mkia, hubaki kuwa uchaguzi ulio bora, na anayetaka kujikinga dhidi ya kupinduka hupata kinga ya maana zaidi kwa kubeba mwilini, katika mfuko wa fulana yake, kifaa kidogo cha binafsi cha megahezi 406, ambacho hakihesabiwi na sheria kuwa badala ya kile cha mkiani bali hutoka pamoja na mtu.

Mambo mengine ya ufungaji ni mepesi, ingawa hayasameheki. Kisanduku kina mshale, na mshale huo sharti uelekee kwenye pua ya ndege, kwa sababu swichi za aina nyingi husikia mshtuko wa upande mmoja tu. Kilichofungwa kinyumenyume kitalala usingizi katika ajali. Dashibodi huwekewa swichi ndogo yenye taa, iliyounganishwa kwa waya na mkia, ili rubani aweze kukiwasha kwa mkono anapoona ajali haikwepeki, na aweze kujua kama kimejiwasha chenyewe baada ya kutua kwa kishindo.

Kujiwasha huko si jambo dogo. Katika enzi ya megahezi 121.5 sehemu kubwa mno ya milio iliyosikiwa haikuwa ajali hata kidogo, na watu wa kujitolea wa kikosi cha doria ya anga ya kiraia walikesha wakizunguka viwanja vya ndege wakitafuta mkia unaolia ndani ya banda lililofungwa. Namba iliyomo ndani ya ujumbe wa megahezi 406 imebadilisha hali hiyo, kwani kituo cha Suitland, kinachoendeshwa na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, huitafuta namba hiyo katika daftari lake na kupeleka taarifa kwa kituo cha uokoaji cha jeshi la anga kilichoko Tyndall, Florida, ambacho hatua yake ya kwanza ni kumpigia simu mwenye ndege au jamaa aliyeandikishwa. Usajili ni bure na huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Mwundaji anayekiwasha kifaa chake bila ya kukisajili amelipia teknolojia ya 406 na kuitumia kama 121.5. Kwa kujaribu, mlio wa 121.5 huruhusiwa katika dakika tano za kwanza za kila saa tu, na kwa sekunde chache, ilhali upande wa 406 hujaribiwa kwa kitufe cha kujipima peke yake, bila ya kutuma ujumbe wa kweli angani.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Virginia na ambao huenda wakaunda au kununua ndege huko na kuisafirisha nyumbani ndani ya kontena, kuna jambo ambalo husahaulika. Namba iliyomo ndani ya kifaa huanza na namba ya nchi: vifaa vya Marekani hubeba namba kama 366 hadi 369, ilhali Kenya ni 634, Uganda 675, na Tanzania 674 au 677. Ndege inayofutwa alama ya N na kupewa 5Y, 5X au 5H, huku kifaa chake kikiachwa na namba ya zamani, ikianguka Tsavo au Serengeti itampelekea taarifa mtu wa Suitland, naye ataona jina la mmiliki wa kwanza na simu ya Springfield. Kubadilisha namba hiyo hufanywa na fundi mwenye vifaa vya mtengenezaji, na husajiliwa upya katika nchi ya pili. Ni kazi ya siku moja ambayo haimo katika orodha ya mawakala wa usafirishaji.

Inabaki ubishi wa mwisho kati ya sheria na mwili wa binadamu. Kifungu kile kile kinachotaka kisanduku kiwe nyuma kabisa kinataka pia kikaguliwe kila baada ya miezi 12, kwa kutazamwa ufungaji wake, kutu ya betri, kazi ya swichi ya mshtuko na nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye antena, na kinataka betri ibadilishwe kifaa kikishafanya kazi kwa jumla ya saa moja au nusu ya uhai wa betri ikishapita. Mkia wa RV ni mwembamba, na anayekagua hulala kifudifudi nyuma ya ukuta wa mizigo akiwa na tochi mdomoni. Wapo waundaji waliokisukuma kifaa mbali mno, wakafunga bati la mwisho kwa ribiti, na mwaka uliofuata wakalazimika kuzitoboa ribiti hizo ili kuifikia betri. Neno la sheria, kadiri inavyowezekana, linatoa nafasi ya kutosha: mbavu ya kwanza au ya pili nyuma ya ukuta wa mizigo, mahali ambapo mkono wenye bisibisi unafika, bado ni mkiani, bado ni nyuma ya sehemu inayosagika, na fundi atakayepafikia kila mwaka atayakaza yaliyolegea. Tarehe ya mwisho ya betri mpya huandikwa kwa maandishi yanayosomeka juu ya kisanduku chenyewe, upande unaoonekana bila ya kukifungua, na tarehe hiyo hiyo huandikwa katika daftari la matengenezo ya ndege.